Alama Zilifika, Jina Likabaki Njiani

Alkhamisi ya tarehe 9 Januari 2025 nilikuwa nimekaa barazani kwetu Wete, Pemba, simu mkononi, nafungua ukurasa uleule kwa mara ya kumi na kitu tangu asubuhi. Ukurasa wenyewe ni wa chuo kimoja cha Marekani nilichokiomba, na umepanga kila kitu wanachokitaka kwa mwombaji, kimoja chini ya kingine. Barua za walimu, tiki. Matokeo ya skuli, tiki. Mtihani wa Kiingereza, tiki. Alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hazijapokelewa. Na mimi nina risiti ya kuwa zimetumwa tangu mwezi wa kumi.

Mama akapita na beseni la nguo. "Hujapata jibu tu?"

"Wanasema hawajaziona, mama."

"Si ulilipia?"

Nililipia. Alilipia yeye, kusema kweli, na ndiyo maana swali lake lilinichoma.

Aliyenitia wazimu huu ni mwalimu wangu wa hesabu. Tulikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), akaniambia kuwa Marekani kuna vyuo vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth na Amherst vikiwamo, ambavyo wakati wa kuchagua havimwangalii mwombaji wa nje kama ana pesa au hana, na akikubaliwa humlipia kile ambacho wazee wake hawakiwezi. Sikuamini. Nilikwenda kusoma mwenyewe kwenye kurasa zao, nikakuta kweli. Siku ile sikulala.

Wakati huo, 2023, vyuo vingi vya aina hiyo vilikuwa havilazimishi SAT. Viliiacha kwa sababu ya korona mwaka 2020, na MIT peke yake miongoni mwa hivyo nilivyovitaja ndiyo iliyokuwa imeshairudisha, Machi 2022. Nikajipangia: nitakazana na mtihani wa kidato cha sita, SAT ni habari ya watoto wa skuli za kulipia. Ikafika Februari 2024, miezi mitatu kabla ya mtihani wetu wa taifa, Dartmouth na Yale wakatangaza kuwa wanairudisha. Machi Brown. Aprili Harvard na Caltech. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na kaka mmoja akiandika kila wiki, "SAT si lazima siku hizi, msipoteze pesa." Alikuwa na haki, ila ni haki ya mwaka uliopita. Tena na hayo matangazo hayakuwa sawa. Dartmouth walisema mwombaji wa nje anaweza kuleta matokeo ya mtihani wa taifa lake badala ya SAT. Harvard walisema mitihani mingine wataikubali pale tu ambapo mtu hana njia ya kuufikia SAT. Nilichokuja kukitaka mimi (sitakitaja, hawana kosa lolote) kilitaka SAT, na kilitaka zitoke moja kwa moja kwa wenye mtihani. Vingine nilivyoviomba vilikuwa vinakuachia ujaze alama zako mwenyewe kwenye fomu, zile rasmi uzilete ukishakubaliwa. Ukisoma ukurasa wa chuo kimoja ukadhani umesoma vyote, umekwisha.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai. Divisheni wani, pointi sita. Nyumbani ilipigwa vigelegele, na usiku nikaanza kufikiri nitamweleza vipi Mmarekani kuwa sita ni nzuri. Kwetu A ni pointi moja, masomo matatu yanajumlishwa, kwa hiyo kadiri nambari inavyopungua ndivyo unavyopanda, na wani inaishia tisa. SAT ni kinyume: unaanza 400 mpaka 1600. Mwalimu wangu alilieleza hilo kwa aya nzima kwenye barua yake, na naamini aya ile ilinifaa kuliko sifa zote alizonipamba nazo.

Nikajiandikisha Agosti, mtihani wa tarehe 5 Oktoba. Ada kwa sisi wa nje, ukijumlisha ile nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani, ilipita dola 100, na msamaha wa ada wanaoutoa hautufiki sisi. Mama alikuwa na karafuu zake za mikarafuu minne ya urithi. Alizianika kwenye majamvi uani wiki nzima, akizikusanya kila wingu likitanda, zilipokauka akazipeleka kuuza Shirika, lile la serikali linalonunua karafuu. Kadi ya kulipia hatukuwa nayo. Binamu yangu anafanya kazi hoteli Paje, yeye ana kadi ya benki, tukamtumia pesa kwa simu akalipa akiwa kazini.

Fomu ya kujiandikisha ndipo nilipolikorofisha jambo, wala sikujua kama nimelikorofisha.

Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Basi. Hatuna jina moja la kushikana nalo ukoo mzima kama wenzetu. Skuli nimeitwa kwa langu na la baba tangu darasa la kwanza, daftari la mahudhurio likisomwa ni hivyohivyo. Fomu ikaniuliza jina la kwanza, nikaandika langu. Ikaniuliza jina la mwisho, nikaandika Khamis. Pasipoti nilikuwa bado sinayo, ilikuwa iko Uhamiaji inashughulikiwa. Ilipokuja, palipoandikwa jina la ukoo wameweka Kombo, ambaye ni babu yangu na alifariki kabla sijazaliwa. Maombi ya vyuo, yale yanayopitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, nikayajaza huku pasipoti iko mezani mbele yangu: jina la mwisho, Kombo. Cheti changu cha kidato cha nne nacho kina lake. Kimeandika Hamisi, bila ya kha, na i imechomekwa mwisho, kama wanavyotamka bara. Ukiniuliza mimi, watu walikuwa watatu: binti wa Khamis, mjukuu wa Kombo, na huyo wa Hamisi ambaye simjui.

Sikuliona kama ni tatizo. Pemba nzima iko hivyo. Nenda hospitali yoyote ukasikilize wanavyoita watu dirishani, wanataja majina mpaka mwenyewe alikubali moja.

Kilichonishughulisha mimi kilikuwa laptopu. SAT siku hizi haina karatasi, kwetu sisi wa nje imekuwa ya kompyuta tangu Machi 2023, unafanya kwa programu yao ya Bluebook, na simu hairuhusiwi. Nikaazima laptopu ya ofisini kwa jirani. Nikaipakia bando la wiki, nikaifungua, nakuta ina Windows 7. Bluebook inataka 10 kwenda mbele. Zilikuwa zimebaki siku nane. Ya pili niliipata kwa mtoto wa ami yangu anayesoma Unguja, na betri yake ilikuwa inakaa saa mbili na robo ikiwa imejaa. Mtihani ni saa mbili na dakika kumi na nne. Nikaamua chaja nitaivaa shingoni kama mkufu.

Safari ilianza Alkhamisi. Gari mpaka Chake, gari nyingine mpaka Mkoani, meli mpaka Unguja, nikalala kwa ami, na Ijumaa boti ya Dar es Salaam, kwa sababu kituo nilichopata nafasi kilikuwa huko. Mama alinifungia mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, watu wa kwenye meli wakanisaidia kuumaliza. Nilipofika kwa ndugu zetu Kariakoo nikaichomeka laptopu kabla sijasalimia vizuri.

Asubuhi yake mlangoni mwa ile skuli ya kimataifa kulikuwa na foleni ya watoto wenye magari. Msimamizi akaishika pasipoti yangu na ile tiketi ya kuingilia. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Dada, hapa Khamis. Hapa Kombo."

"Shikamoo mwalimu. Khamis ni baba, Kombo ni babu. Kwenye pasipoti yamo yote matatu."

Akaifunua tena, akasoma kwa kidole. Akamwita mwenzake. Walizungumza kidogo, pembeni. Mimi nilikuwa nahesabu nauli kichwani, ya kuja na ya kurudi, na karafuu za mama.

"Haya, ingia. Lakini ukitoka hapa ukalirekebishe hili."

Nilisema ndiyo. Nilitoka pale na njaa, na kichwa kinauma, na sikulirekebisha.

Mtihani wenyewe sina mengi ya kuueleza. Maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, halafu 44 ya hesabu kwa dakika 70. Kila upande umekatwa vipande viwili, na kipande cha pili kinakuja kigumu au chepesi kwa kutegemea ulivyofanya cha kwanza. Hesabu nilizipenda. Kusoma kulinipeleka puta: aya fupi fupi, kila moja ina maneno mawili ambayo ukiyajua unapita na usipoyajua unakaa. Sisi tumesoma kwa Kiswahili mpaka madarasa ya juu ya msingi, na Kiingereza chetu ni cha kitabu cha fizikia. Nilijua kusema "mwendokasi wa kitu kinachoanguka" ila sikujua neno la mtu anayenuna.

Kosa la pili, na hili lilikuwa la pesa. Unapojiandikisha, au ndani ya siku tisa baada ya mtihani, una haki ya kutuma alama zako kwa vyuo vinne bila ya kulipa. Mimi nikasema nitasubiri nione nimepata ngapi kwanza. Nani atume barua asiyoijua ndani ina nini? Alama zilitoka tarehe 18 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Nafasi ya bure ilikuwa imeshafungwa siku nne nyuma. Ukitaka kutuma baada ya hapo unalipa dola kumi na kitu kwa kila chuo. Na ukiangalia vizuri, kusubiri kwangu hakukuwa na maana yoyote, maana chuo kinataka alama kwa lazima. Nzuri au mbaya ningezituma tu.

Nilipata 1310. Hesabu 740, kusoma na kuandika 570. Niliangalia wanafunzi wa vyuo vile wana ngapi, wengi wamepita 1500. Mwalimu akaniambia, "Wao wanasoma alama na mahali zilikotoka." Ni kweli wanasema hivyo kwenye kurasa zao. Binamu wa Paje akalipa tena. Risiti ikaja. Nikajua kazi imekwisha, nikafanya mtihani wa Kiingereza wa Duolingo nyumbani, chumba cha mwisho, mlango nimeufunga kwa kitenge na kiti, kwa sababu mtu akiingia tu wanaufuta. (Mama alisimama nje ya dirisha saa nzima akifukuza watoto na kuku.) Hiyo alama ikafika chuoni chini ya siku tatu, bila ya malipo ya ziada. Nilijiandikisha kwa pasipoti. Nililiona hilo baadaye.

Maombi niliyapeleka tarehe 30 Desemba, siku mbili kabla ya mwisho, kwa sababu umeme wetu siuamini. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Januari, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za mahali mwombaji alipo. Rafiki yangu mmoja alidhani ni za Marekani, akajiona ana saa nane za ziada. Alifungiwa nje.

Sasa turudi barazani. Nikaandika barua pepe ya kwanza: alama zangu zilitumwa Oktoba, naomba mziangalie, jina langu hili, nimezaliwa tarehe 4/9/2005. Wao wako nyuma yetu saa nane wakati wa baridi, kwa hiyo asubuhi ya kazini kwao ni alasiri inayomalizikia kwetu. Nilisubiri mpaka saa kumi na mbili jioni. Likaja jibu zuri, la heshima: hatuna rekodi yenye jina hilo na tarehe hiyo ya kuzaliwa, tafadhali wasiliana na wenye mtihani. Nikaandika tena, nikaambatisha risiti. Wakajibu vilevile.

Ijumaa usiku nikampigia binamu Paje, nikamsomea barua yangu neno kwa neno, kwa sababu kadi ni yake na nilitaka ajue pesa imeliwa wapi. Akanikatiza.

"Umeandika nne kwanza?"

"Tarehe nne mwezi wa tisa. Ndiyo."

"Weye! Wageni wetu wa Marekani wakijaza fomu pale mapokezi wanaanza mwezi. Ushawaambia umezaliwa Aprili."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaomba aniache nifikiri. Kama tarehe imesomwa kinyume, na jina jee? Nikafungua akaunti ya SAT, nikafungua maombi, nikaziweka simu mbili pamoja, yangu na ya mama. Hii Khamis. Hii Kombo. Alama zilikuwa zimefika Oktoba, zimekaa kwenye kabati lao zikimngoja binti wa Khamis, na binti huyo hakutuma maombi. Aliyetuma maombi ni wa Kombo. Kompyuta yao ilitafuta jina la mwisho na tarehe ya kuzaliwa, haikuona mtu. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi na yule msimamizi aliyenihurumia, na yeye alinionya.

Jumamosi na Jumapili ofisi yao imefungwa, na Jumapili yenyewe ilikuwa Mapinduzi, mji umejaa ngoma na magari ya bendera. Mimi niko ndani naandika barua ya mistari sita, nimeifuta mara nne. Barua zile mbili za kwanza zilikuwa na maneno mengi ya kuomba na kushukuru, kama tulivyofundishwa. Hii nilianza na nambari ya usajili wa mtihani. Nikaandika mwezi wa kuzaliwa kwa herufi, Septemba, si kwa nambari. Nikaandika kuwa katika maombi jina langu la mwisho ni Kombo na katika SAT ni Khamis, kwamba Khamis ni baba yangu na Kombo ni babu yangu, na yote mawili yamo kwenye pasipoti niliyoiambatisha. Nikamwomba aunganishe mafaili mawili ya mtu mmoja. Neno la kuunganisha ndilo lililonitoa. Kumbe ni kazi wanayoifanya kila siku, wanalo na jina lake, na mimi barua mbili zote nilikuwa nawaambia watafute.

Usiku wa Jumanne, tarehe 14, kabla sijalala, nikafungua ukurasa. Tiki.

Nilimwamsha mama.

Jibu la chuo lilikuja mwishoni mwa Machi, kumi la mwisho la Ramadhani, nimetoka tarawehe. Hawakunikubali. Watu wengi walionihurumia waliuliza kama ni kwa sababu ya ile habari ya jina, na mara mbili tatu nilitamani kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. Faili langu lilikuwa kamili. Walilisoma lote, na ndani yake kulikuwa na 570, na kulikuwa na maelfu ya watu wengine. Baba alisema kheri, mama hakusema kitu, alinisogezea uji. Sasa nasoma chuo kikuu Tunguu, Unguja, na hesabu nazipenda bado.

Wadogo wananifuata na maswali, khasa wa skuli yetu. Wanataka kujua vitabu gani nilisoma, nilifanya mazoezi kwa miezi mingapi. Mimi nawaambia walete cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli na kitambulisho, waviweke mezani. Wengine wanaona nawazungusha.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani na karatasi ya majina kwa ajili ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Kila mwanafunzi aangalie jina lake, aweke sahihi. Lake limeandikwa Hamisi. Baba alikuwa amekaa kwenye jamvi ameegemea ukuta, anakunywa chai. Nikamwuliza, "Baba, jina lako linaandikwa vipi khasa?"

"Kwani mumeshalisahau?"

"Tunataka uandike wewe."

Akaichukua kalamu. Baba kasoma chuo cha Kurani zaidi ya alivyosoma skuli, mkono wake unakwenda kulia kwenda kushoto bila ya kufikiri. Aliandika kha, mimu, yaa, sini, polepole, kwenye ukingo mweupe wa ile karatasi ya skuli, halafu akarudi mwanzo akaweka nukta juu ya kha. Akaibonyeza mara ya pili ili ikolee.

"Hiyo nukta," akasema, "ukiiondoa si mimi."

Mdogo wangu akakata Hamisi kwa rula, akaandika juu yake kwa herufi kubwa. K, H, A. Kesho yake alikwenda nalo kwa mwalimu mkuu, na cheti cha kuzaliwa mkononi.